Sindano Iliyoanza Kuonekana

Kuutia mkono mzima ganzi kwa sindano inayochomwa juu ya mtulinga, mahali ambapo mishipa ya fahamu itokayo shingoni hukusanyika kabla ya kuteremka kwapani, ni ufundi unaojulikana tangu 1911, mwaka ambao Kulenkampff, daktari wa Kijerumani, alieleza njia yake baada ya kuijaribu mwilini mwake mwenyewe. Tatizo lilikuwa majirani wa mishipa hiyo: kando yake ateri kubwa, na chini yake kilele cha pafu, ambalo likitobolewa huvujisha hewa kifuani na kusinyaa.

Waliosomea kazi hiyo katika karne ya 20 wanakumbuka kwamba kipimo chao kikuu kilikuwa kauli ya mgonjwa, kwani sindano ilipougusa mshipa wa fahamu alishtuka na kusema kitu kama umeme kimempita hadi vidoleni, na hapo ndipo dawa iliposukumwa. Ishara ya kufaulu, ajabu kidogo, ndiyo iliyokuwa pia ishara ya kuudonoa mshipa. Kuanzia miaka ya 1960 vilikuja vifaa vya kupitisha umeme mdogo kwenye sindano ili msuli uruke badala ya mgonjwa kulalamika, lakini daktari aliendelea kupapasa gizani.

Mwaka 1978 mtafiti La Grange na wenzake walitumia mawimbi ya sauti kuitambua ateri kwa mvumo wa damu tu. Picha yenyewe ilifika Vienna mwaka 1994, mtafiti Kapral na wenzake walipoiongoza sindano kwa ultrasaundi, yaani picha itokanayo na mawimbi hayo ya sauti, kwa wagonjwa 40. Katika kioo cha mashine, ateri ni duara jeusi linalodunda, mishipa ya fahamu imejibana ubavuni mwake kama kishada cha zabibu, na utando wa pafu ni mstari mweupe unaoteleza kila mgonjwa avutapo pumzi. Dawa nayo huonekana ikitanda, hivyo kiasi kidogo hutosha, na isipoonekana ikitanda daktari husita, kwa kuwa huenda inaingia ndani ya mshipa wa damu, ambako huweza kuleta degedege au kuusimamisha moyo. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu ganzi zaidi ya 25,000 za mishipa ya fahamu ya sehemu mbalimbali za mwili, ulionyesha kwamba madhara hayo ya dawa kuingia katika damu hupungua ultrasaundi inapotumika.

Majeraha ya mishipa ya fahamu, kinyume na matarajio, hayajathibitika kupungua. Mwali wa mawimbi hayo ni mwembamba mno, na sindano ikiukata kwa upande, nukta nyeupe iliyo kiooni yaweza kuwa kiwiliwili chake ilhali ncha imekwisha kupita. Ndiyo maana wakufunzi wakali humkataza mwanafunzi kuisogeza sindano hata kidogo kabla ya kuionyesha ncha yenyewe.