Mwulize Mpiga Besi Jina Lake

Pengine wewe msomaji ukisikia mtu ni mwandishi wa habari za muziki, unadhani kazi yake ni kuingia densi bila tikiti, kukalia kiti cha mbele na kurudi nyumbani alfajiri akinuka moshi wa sigara za wengine. Moshi huo niliunusa sana, sikatai. Lakini kwa sisi tuliofanyia kazi hiyo Embu na Meru, mbali na studio za Nairobi, densi ilikuwa sehemu ndogo. Kazi yenyewe ilikuwa mchana.

Bendi hazikutufikia kwa kubahatisha. Zilifuata pesa. Mwisho wa mwezi zilikuja kwa ajili ya walimu na watumishi wa serikali. Malipo ya kahawa yakitoka, mabango yalibandikwa hata kwenye milango ya maduka ya mbolea. Oktoba ilikuwa ya bonasi ya majani chai. Kule Maua, kwenye miraa, pesa zilizunguka kila siku, ndiyo maana promota aliyepata hasara Embu Ijumaa alikimbilia huko Jumamosi kujaribu bahati tena.

Basi vyombo vilipakiwa usiku usiku, na safari ikaanza: Runyenjes, Chuka, Nkubu, hadi Meru mjini. Unaijua barabara hiyo inayozunguka mashariki mwa Mlima Kenya, kona baada ya kona. Daraja la Nithi ndilo lile ambalo basi lilitumbukia mwaka 2022 na kuua zaidi ya watu thelathini. Wanamuziki walilipita wakiwa wamelala juu ya spika. Hata leo nikisikia kibao cha zamani redioni, huwaza kwanza safari iliyokuja na watu hao.

Kwa hivyo usimhoji mwanamuziki baada ya densi. Sauti imekauka, ana deni la chakula, na mashabiki wanamvuta shati. Mtafute saa tisa mchana, mafundi wanapofunga nyaya, au asubuhi ya pili akinywa chai huku akimsubiri promota alete pesa zilizobaki. Mtu anayesubiri pesa huzungumza kweli tupu.

Swali langu la kwanza lilikuwa jepesi, lakini liliwaudhi wengi: nyinyi ni akina nani hasa? Usicheke. Chukua jina Wanyika. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipiga muziki kwao, wakaenda Arusha, kisha mwaka 1971 wakaingia Kenya na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wachezaji wao, akiwemo mpiga gitaa la ridhimu Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga, wakajitoa na kuanzisha Les Wanyika, wale wa "Sina Makosa", na punde John Ngereza akajiunga nao. Issa Juma naye akawa na Super Wanyika yake. Sasa bango limeandikwa WANYIKA kwa herufi kubwa, na neno jingine dogo chini yake limefunikwa na gundi. Mkulima ameuza kahawa yake, amemvalisha mkewe gauni jipya, analipa mlangoni akitarajia kibao fulani, kumbe walioko jukwaani ni wengine kabisa! Alikuwa na haki ya kujua, na mtu wa kumwambia alikuwa mwandishi.

Lugha nayo ilikuwa na mambo yake. Wa Tanga walisema Kiswahili kilichonyooka hata ukaona haya kufungua kinywa. Wakongo walichanganya Kiswahili chao na Kilingala na Kifaransa, na nilijifunza kurudia jibu kwa sauti ili mwenyewe alikubali au alikatae kabla sijaliandika. Nami nikitoka hapo ningeulizwa kwa Kimeru sokoni Gakoromone: wamesema watapiga mpaka saa ngapi?

Liko jambo moja gumu. Asubuhi moja nilimkuta mwimbaji wa makamo ameketi nje ya nyumba ya kulala wageni, mlango umefungwa kwa kufuli, vyombo vimezuiliwa ndani. Promota alikuwa ametoweka na pesa zote za mlangoni. Akaniambia, "Bwana mdogo, hilo usiandike. Ukiandika, promota mwingine atasema sisi watu wa maneno mengi, hatatuita." Ungefanyaje wewe? Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Mwishowe niliandika kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, kwamba ukumbi ulijaa hata watu wakasimama, na kwamba bendi ilionekana bado mjini siku ya Jumatatu, ikitafuta gari. Sikuongeza neno. Wasomaji wa Meru si watoto, walielewa, na yule promota hakupewa ukumbi kwa muda mrefu.

Lakini swali ninaloliona la maana kuliko yote ni la majina. Santuri nyingi zilitaja bendi na kiongozi tu. Mpiga besi, mpiga ngoma, wale waitikiaji wawili, hawakuandikwa popote. Tazama ugomvi wa "Malaika": Fadhili William aliurekodi wimbo huo na kujulikana nao, akafariki mwaka 2001, na hadi leo wapo wanaosema mtunzi ni mtu mwingine. George Kinyonga alituacha mwaka 1992, Wilson mwaka 1995. Ambalo hawakuulizwa, nani atalijibu?

Ndiyo sababu kaseti zangu zina orodha za kuchosha. Solo nani, ridhimu nani, besi nani, nani alileta maneno, nani alileta sauti. Miaka mingi baadaye alinijia kijana aliyesikia kwamba niliwahi kumhoji babake Embu. Marehemu alikuwa mpiga besi, na familia ilitaka kuthibitisha kwamba alishiriki katika nyimbo fulani. Tuliitafuta kaseti, tukaifuta vumbi, tukaiingiza kwenye kinasa sauti cha jirani kwa kuwa changu kilikuwa kimekufa. Babake alikuwa akitafuna chapati huku akitaja wenzake mmoja mmoja, na alipofika kwenye besi akasema jina lake kamili, la baba na la babu, kana kwamba yuko mbele ya chifu akitaka kipande.

Kijana alisikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilitoka nje nikamwachia chumba.

Alipoondoka nilimpa nakala. Kaseti yenyewe ninayo bado, ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na nyingine arobaini na kitu, na jioni hizi mjukuu wangu ananisaidia kuzihamishia kwenye kompyuta. Tumefika ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu mkanda umenasa.