Mita 60 Kuanzia Wapi?

Nilipanga kuufuata Mto Msimbazi kutoka vilima vya Pugu mpaka unapomwagika baharini, Selander. Siku ya kwanza iliishia kwenye tope na ndala iliyokatika. Ya pili nikakwama Kinyerezi.

Nilikwenda na hasira zangu, nakiri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iko wazi: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hakuna shughuli ya kudumu. Mwishoni mwa 2015, nyumba za bondeni zilipopigwa X nyekundu na tingatinga kuingia, nilisema moyoni: wamejitakia.

Mzee alikuwa ameketi juu ya tairi, ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kupima?"

"Hapana, natembea tu."

"Anayetembea tu hashiki daftari."

Nikamuuliza, bila adabu ya kutosha, kwa nini alijenga mtoni. Akanyanyua bakora na kuelekeza katikati ya maji. Kichwa cha bikoni ya zege kilikuwa kimeinama pale, mfuko wa rambo umekinasa.

"Kona ya kiwanja changu ile. Nyuma yake kulikuwa na miembe ya jirani, halafu mpunga, halafu ndipo mto. Mimi sikuhamia mtoni, mwanangu. Mto umehamia kwangu."

Nilitaka kubisha. Bonde ni la maji, hilo bado naliamini. Lakini huko juu tumeezeka mabati na kusakafia nyua, na mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi taratibu sasa inateremka kwa mkupuo. Wachimba mchanga nao wamezitafuna kingo. Viroba vya mchanga alivyopanga mzee vilisombwa masika iliyopita. Imebaki mianzi michache, mizizi nje.

Tukiwa hapo, Fuso likarudi kinyumenyume ng'ambo, likamwaga kifusi bondeni. Mtu anajitengenezea kiwanja. Mzee wala hakugeuka.

"Wao wanajaza kule, mimi naliwa huku. Haya, pima hizo mita 60 zako tuone nani anahama."

Nikaanza kuhesabu hatua ndefu kutoka ukingoni. Banda la kuku, 14. Mlango wake wa uani, 22. Geti la jirani, jipya, la chuma, 41. Ya 60 ilinifikisha barazani kwa muuza duka, akaniuliza nataka nini. Nikanunua maji ya chupa.