Robo Iliyobaki

Ile oda iliingia Jumanne saa tano usiku. Kazi yangu ni kuandikia watu: leo tangazo la magodoro, kesho asaimenti ya mwanafunzi wa ng'ambo ambaye sitawahi kumwona. Mwenye akaunti anakata sehemu yake, mimi nabaki na ya kulipa keja. Si kazi ya kujivunia, najua. Hii ilisema: kurasa sita, eleza jinsi ya kuboresha utendaji wa miksa pasivu ya mawimbi ya redio. Siku mbili.

Nilicheka peke yangu. Hiyo ndiyo saketi iliyonitoa chuo.

Huwa naambia watu niliacha uhandisi mwaka wa tatu sababu ya karo. Ni kweli, balansi ilikuwepo na sikuruhusiwa kufanya mtihani. Lakini si ukweli wote. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa wiki tano bila kukanyaga maabara. Nilikuwa nimejenga redio ya megahezi 7, na siku ya kuionyesha zilitoka stesheni tatu zikiongea kwa pamoja, na mluzi juu yake. Watu wakacheka. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake, akasonga kwa mwingine. Sikurudi.

Wacha nieleze. Miksa inateremsha mawimbi hadi pale yanapochujika vizuri. Unachukua wimbi la megahezi 7.1 kutoka hewani, unalikutanisha na la 11.1 kutoka kwa osileta yako, na yanatoka mawili: tofauti yao, 4.0, na jumla yao, 18.2. Mimi nilitaka 4.0. Miksa pasivu ya kawaida ni dayodi nne zilizopangwa kama pete, na transfoma mbili ndogo. Haina betri. Osileta inafungua dayodi mbili, kisha mbili zile zingine, mamilioni ya mara kwa sekunde. Na kwa sababu haiongezi chochote, lazima ipoteze. Hata ingekuwa kamilifu ingepoteza desibeli 3.9. Nzuri ya kununua hupoteza kama 6, yaani robo tu ya nguvu iliyoingia ndiyo inatoka pale unapotaka.

Boksi bado lilikuwa chini ya kitanda. Ningeweza kuokota majibu vitabuni na kuyapanga upya, vile nafanya kila siku. Badala yake nilichomeka chuma cha kulehemu.

Kosa la kwanza lilikuwa osileta. Dayodi za aina hii zinataka karibu miliwati 5, na yangu ilikuwa inatoa chini ya 2. Zilikuwa zinafunguka nusu-nusu, na stesheni kubwa zikawa zinajifungulia zenyewe. Niliongeza transista moja.

La pili, dayodi hazikulingana. Chuoni nilishika nne za kwanza nilizoona. Jumatano nilishuka Luthuli Avenue nikanunua 1N4148 thelathini, nikazipima moja moja kwa multimeta, nikingoja kila moja ipoe kwa sababu hata joto la vidole linabadilisha namba. Nikapata nne zilizotofautiana kwa milivolti moja tu. Dayodi zikilingana, wimbi la osileta linajifuta lenyewe badala ya kuvuja hadi antena.

La tatu sikuwahi kulifikiria. Lile wimbi la 18.2, nisilolitaka, nilikuwa nimeliwekea chujio la kulizuia. Lakini kulizuia si kulimaliza. Linagonga chujio, linarudi ndani ya miksa na kuchanganyika upya na kila kitu. Dawa ni kulipa njia yake: kapasita na koili za kulipeleka kwa resista ya omu 50 liishie hapo kama joto, huku 4.0 ikipita upande wake.

Nilimaliza saa tisa usiku, nikavaa earphones. Stesheni kubwa zilikuwa zimerudi kwao, juu ya 7.2. Huku chini, karibu na 7.0, kulikuwa na mtu anapiga Mose, taratibu, sauti ikizama na kuibuka. Sijui Mose. Nilimsikiza tu mpaka akaacha.

Asubuhi niliandika zile kurasa sita bila kuazima sentensi ya mtu. Swali la mwisho liliuliza: upotevu huu unaweza kuondolewa kabisa? Nikajibu hapana. Unaweza kuweka amplifaya mbele, lakini kile kilichopotea kwa miksa kimepotea.

Kijana fulani mahali fulani atapewa alama za boksi langu. Nilidhani hiyo ndiyo itaniuma. Kilichoniuma ni zile wiki tano. Ile maabara ilikuwa na vifaa vya kunionyesha makosa yote matatu kwa jioni moja, na mlango ulikuwa wazi kwangu. Sikumuuliza mtu swali hata moja. Niliogopa kuchekwa mara ya pili, halafu karo ikanipa jina zuri la kuita hiyo woga.

Wiki jana nilipiga simu chuoni kuuliza balansi yangu ni ngapi. Ni shilingi 86,400. Nimeiandika kwa kalamu juu ya kifuniko cha boksi, na boksi sasa liko mezani.