Baridi Yabisi, Milima ya Mwanza na Ushauri wa "Pumzika"

Leo naweka kando siasa za jiji na bei ya sangara, niongelee viungo vyangu. Kila ninapomwambia mtu hapa Mwanza kwamba nina baridi yabisi, ushauri ni ule ule: "Pole sana, jifunike, pumzika, baridi ya ziwa hiyo." Mama jirani yetu yeye huniambia, "Mwanangu, hayo magoti usiyasumbue kabisa." Wanasema kwa upendo, sina ubishi na hilo. Tatizo ni kwamba ushauri huo ukifuatwa kama ulivyo unaweza kumlemaza mtu.

Kwanza tuelewane. Jina lenyewe linatupoteza, maana tukisikia "baridi" tunakimbilia sweta. Wengine huliita hivyo kila umivu la viungo. Ugonjwa ninaouzungumzia mimi ni ule ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando ulio ndani ya viungo vyako mwenyewe. Vinavimba, vinauma, na asubuhi vinakuwa vimekaza hata kwa saa nzima au zaidi. Mara nyingi huanzia vidole vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Wala si ugonjwa wa wazee peke yao. Unaweza kumpata mtu wa miaka 25, na wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Usipotibiwa unakula gegedu na mfupa, na kilicholiwa hakirudi.

Zamani hata madaktari waliwalaza wagonjwa kitandani, wakiogopa kwamba kiungo kilichovimba kikitumika kitasagika. Mawazo hayo yamebadilika. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 309 waliofuatiliwa kwa miaka miwili. Baadhi yao walifanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, saa moja na robo kila mara. Walipata uwezo zaidi wa kufanya shughuli zao, na kwa walio wengi viungo havikuharibika kuliko vya wenzao. Tahadhari ilikuwa kwa wale ambao magoti, nyonga au mabega yao yalikuwa yameshaharibika sana. Mwaka 2015 utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 490 ulionyesha kuwa mazoezi ya vidole na viganja yanasaidia mikono kufanya kazi vizuri zaidi, bila kuongeza maumivu.

Sababu yake haihitaji digrii. Msuli ndio nguzo ya kiungo. Ukilala miezi, msuli unasinyaa na goti linabeba mzigo peke yake. Halafu ugonjwa huu huongeza hatari ya maradhi ya moyo na mifupa kuwa dhaifu, na yote mawili hayapendi mtu wa kukaa tu.

Sasa njoo kwenye jiji letu la miamba. Vitabu vingi vinasema zoezi zuri ni kuogelea, kwa kuwa maji yanabeba uzito wa mwili. Utasema, si ziwa hilo hapo! Hapana ndugu yangu. Ufukwe wa Ziwa Victoria una kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi yako ukiwa umesimama tu majini. Kwa mtu ambaye tayari anameza dawa za kutuliza kinga ya mwili, hilo si jambo la kuchezea. Kama una uwezo wa kulipia bwawa la hoteli lenye maji yaliyotiwa klorini, sawa. Kama huna, ziwa litazame tu.

Kuna milima pia. Ukipanga Igogo, Mabatini au Bugarika, kufika nyumbani tu ni mazoezi. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoyapiga magoti. Kwa hiyo mimi zoezi langu nalifanya bondeni. Naanzia karibu na Jiwe la Bismarck, nafuata barabara ya Makongoro kuelekea Kirumba, raba laini miguuni, jioni viungo vikiwa vimeshalegea. Nilianza na dakika 10, nikaongeza kidogo kidogo. Zile joging za Jumapili alfajiri za kukimbia kwa kundi huku mnaimba nawaachia wenye viungo vyao.

Ninayoyazingatia ni haya. Maumivu yakiongezeka na kuendelea zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, nimezidisha, kesho napunguza. Kiungo kikiwa kimevimba na kina joto, sikipi mzigo siku hiyo. Nakinyoosha taratibu tu kisigande, kisha nakipumzisha. Vidole navikunja na kuvikunjua kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kushika kompyuta. Na ndoo ya maji kichwani, hapana! Ugonjwa huu unaweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo. Ukiwa na maumivu ya shingo au ganzi mikononi, muone daktari kabla ya zoezi lolote.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Methotrexate humezwa mara moja tu kwa wiki, tena kwa vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mtu akikwambia acha vidonge ukimbie, au acha kutembea umeze vidonge, wote wawili wamekupa nusu ya tiba.

Mimi mkate wangu unatoka kwenye vidole hivi: kushika kinasa sauti, kuchapa habari kabla mhariri hajapiga simu, kupanda daladala iliyojaa. Vikigoma, hakuna habari na hakuna kodi ya nyumba. Ndiyo maana ukinikuta jioni pale Makongoro najikongoja, usinionee huruma wala usinishauri nikalale. Nisalimie, halafu kama una muda, tutembee wote.