MUULIZENI MWENYEWE

Neno letu leo ni Yohana 9:1-23. Lisome polepole.

Mtu aliyezaliwa kipofu yuko njiani. Wanafunzi wa Yesu wanapomwona, wanamuuliza Bwana wao nani alitenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Anawasikia, maana haoni lakini si kiziwi. Hakuna hata mmoja wao anayemsemesha. Baadaye wazazi wanaitwa wamweleze mtoto wao. Kwa hofu ya kufukuzwa katika sinagogi, wanajibu kwamba yeye ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Walisema hivyo kwa woga, lakini walisema kweli.

Jumamosi iliyopita tulilifanyia kazi neno hilo hapa Waberi. Vijana wetu wengi ni wanafunzi, na baadhi wanasomea ualimu. Ulemavu wameusoma darasani. Wanajua Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kufika mahali pa umma, na kutumia lugha ya ishara au Braille. Wanajua mlipuko wa polio wa 2013, uliopata watu 14 nchini na kuitikisa Dadaab. Lakini wengi hawakuwa wamewahi kuketi na mtu mwenye ulemavu wakaongea.

Basi tukawaalika majirani watatu, wawili wao Waislamu, tukaketi nao chini ya mwarobaini kwa chai. Sharti lilikuwa moja: anayeulizwa ndiye anayejibu.

Kijana mmoja akamuuliza mzee wa kiti cha magurudumu kama shida yake kubwa ni miguu. Mzee akacheka. "Miguu niliizoea tangu utotoni. Shida yangu ni mchanga. Magurudumu yanazama kabla sijafika lami. Nikifika, mwenye tuktuk akiona kiti anaongeza mwendo."

Mama mmoja kiziwi alikuja na binti yake wa kutafsiri ishara. Mwanafunzi akawa anamtazama binti kila anapouliza. Mama akagonga meza: mtazame yeye. Kisha akatueleza kwamba akienda kliniki, daktari humweleza binti ugonjwa wa mama yake. "Kuna mambo ya mwilini mwangu ambayo sitaki mwanangu ayajue kabla yangu," alisema kwa mikono yake, na binti yake ndiye aliyelazimika kututafsiria hata hilo.

Wa mwisho alikuwa dada asiyeona. Mpendwa, hapa ndipo nakuomba usikilize kwa moyo. Aliacha kwenda kanisani miaka kadhaa iliyopita, katika mji mwingine. Kila ibada alivutwa mkono hadi mbele aombewe macho. Macho yasipofunguka, aliambiwa imani yake ni ndogo. "Mwaka huo nilikuwa nimemzika mama," akasema. "Nilitaka kuombewa faraja. Hakuna aliyeniuliza."

Mimi naamini Yesu anaponya. Nimeweka mikono juu ya wagonjwa na nitaendelea kuweka. Lakini fungua Marko 10:51. Bartimayo alikuwa kipofu, na kila mtu Yeriko alijua. Hata hivyo Bwana alisimama, akamwita, akamuuliza anataka afanyiwe nini. Aliyejua yote aliuliza kwanza. Mimi na wewe tusiojua tunapata wapi ujasiri wa kutouliza?

Wiki hii fanya mambo matatu. Ukikutana na mtu mwenye ulemavu, zungumza naye, si na aliyemsindikiza. Usisukume kiti wala kushika mkono kabla hajakubali. Na kabla ya kumwombea, muulize haja yake, kisha uombe hiyo hiyo aliyokutajia. Akisema ada ya shule, ombea ada.

Jumamosi ijayo vijana wanaenda steji ya tuktuk pamoja na mzee. Wao watakuwa kando yake. Atakayezungumza na madereva ni yeye mwenyewe.

Na yule dada, kabla hajaondoka, mwanafunzi mmoja wa kike alimsogelea akamuuliza, "Dada, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Waliketi hadi jua likazama.

Tuombe: Baba, tupe masikio kabla ya kutupa maneno. Uwafariji waliovutwa mbele bila kuulizwa, na utufundishe kusimama kama Mwanao alivyosimama Yeriko. Katika jina la Yesu, amina.

Ukibarikiwa, mshirikishe mwenzako.