Kuwatuliza Walio Nyumbani

Hofu ya mzazi juu ya mwana aendaye mbali ni tawi la mapenzi, na litokalo katika mapenzi halifai kujibiwa kwa dharau wala kwa uongo. Wengi wajitoleao kuwatumikia watu wa nchi nyingine hudhani kuwa wajibu wao kwa jamaa ni kuwaambia kwamba hapana hatari. Neno hilo ni jepesi kutamka, walakini halitulizi moyo, maana abakiye nyumbani hujiuliza: kama hapana hatari, wewe waitiwa nini huko?

Mwaka 2014 maradhi ya Ebola yalienea Guinea, Liberia na Sierra Leone. Hata yalipokoma mwaka 2016, watu zaidi ya 28,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,000 wamekufa, wakiwamo mamia ya waganga na wauguzi. Umoja wa Afrika uliomba watu wa kujitolea, wakatoka Nigeria, Ethiopia, Uganda, Kenya na kwingineko. Umbu langu mdogo, aliye muuguzi, aliitikia mwito huo mwanzo wa mwaka 2015 kwenda Sierra Leone. Mama yetu, huko Mombasa, alipopewa habari alikosa usingizi siku mbili.

Nilitazamia umbu langu atamwambia Mama asihofu. Badala yake aliketi naye akamfundisha. Alimweleza kuwa maradhi yale hayaenei kwa hewa kama mafua. Huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, na mtu ambaye hajaonyesha dalili haambukizi. Alimweleza kuwa mavazi ya kinga huwa na hatari zaidi wakati wa kuvuliwa, kwa kuwa upande wa nje umekwisha kuchafuka. Kwa hiyo muuguzi havui bila ya mwenziwe kumtazama hatua kwa hatua, na mikono huoshwa kwa maji ya klorini. Akasema kuwa akirudi atajichunga siku 21, kwa sababu maradhi yaweza kujificha mwilini muda huo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sote tulilikwepa: "Na ukifa, mwanangu, nani atakuosha?"

Umbu langu hakuinamisha macho. Alijibu kuwa maiti wa Ebola haoshwi, kwa maana watu wengi waliambukizwa kwa kuosha maiti wao. Lakini mwongozo wa mazishi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014, baada ya kushauriana na watu wa dini, ulimpa Muislamu nafasi ya kutayamamishwa na kuombewa. "Huenda nikazikwa huko huko, Mama, lakini sitafukiwa kama gogo."

Mama alilia sana. Usiku ule alilala.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi tangu hapo. Hofu isiyo na mipaka hujaza nyumba nzima. Ikipewa mipaka hupata pembe yake ikakaa, na watu wakaweza kula na kusali. Maneno ya kweli, hata yakiwa machungu, ndiyo yajengayo mipaka hiyo. Kadhalika ahadi ndogo itimizwayo. Umbu langu hakuahidi kupiga simu kila siku, kwa kuwa siku moja ya kimya ingalituua sote. Aliahidi Ijumaa, baada ya sala ya isha kwetu, na kwao ni alasiri, kwa kuwa saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Alitwambia pia kuwa simu ikikosa, huenda ni mtandao, akatuachia namba ya msimamizi wake. Ijumaa mbili zilipita bila sauti yake, na Mama hakupiga yowe. Aliniamuru niipige namba ile.

Umbu langu alirejea salama, lakini sikufanyi kurejea kwake kuwa hoja, kwani wako waliosema kweli kama yeye wasirudi. Nasema tu kwamba mwenye kwenda akiwaamini jamaa zake kwa habari kamili, huwashirikisha katika kazi yake. Nao huacha kuwa watu walioachwa, wakawa watu waliomtuma.