Enzi na kalamu nyekundu

Neno letu ‘enzi’ lina maana mbili: mamlaka, na zama. Nililikumbuka Machi 2024, picha ya Kate, mke wa Mwanamfalme William wa Uingereza, akiwa na wanawe, iliposambazwa mtandaoni. Mashirika ya habari, Reuters na AFP yakiwamo, yakaiondoa kwa kuwa ilikuwa imehaririwa. Kesho yake akaomba radhi. Kejeli hazikukoma. Tarehe 22 akaeleza kwa video kwamba alikuwa na saratani.

Siwalaumu wafalme kutafuta masikio ya raia. George V alitoa salamu za Krismasi redioni mwaka 1932. Lakini redio ilisema, raia akasikiliza. Mtandao umemkabidhi kila raia kalamu nyekundu, nami niliyeishika miaka mingi (na kwa mshahara!) najua inavyolevya.